Mti Uitwao Msikate

Benchi la kahawa liko mbele ya lango la bustani ya miti, ubavuni mwa duka la vioo. Kwa miaka mingi bustani hiyo ilikuwa kichaka cha kutupia magodoro mabovu. Wakazi wa mtaa wameisafisha wenyewe, na leo asubuhi wamefungua lango. Kamati yao ilikubaliana jambo moja: mti wenye jina uwekewe kibao, usio na jina ukatwe, njia ipanuliwe. Vibao kaandika Brashi, mchora mabango, ambaye tangu asubuhi amekaa benchini akisikiliza wanaotoka wanasemaje.

Wengi walikuwa wakiusifu mti mmoja, Msikate. Dereva, ambaye gari lake limelala gereji, alisema majani yake yanatibu mgongo; alikuwa akitafuna moja, na kweli alikaa wima. Refa, karani mstaafu asiyekubali kushindwa kwa maneno, akasema hilo dogo. Msikate uliletwa na mabaharia, nao walilindwa kwa bunduki njia nzima wasiibiwe mche. Dereva akamuuliza kama aliwaona. Refa akajibu kwamba babu yake aliwapokea mizigo. Kufikia kikombe cha pili, Msikate ulikuwa unaita mvua, na kulikuwa na nchi iliyouchora kwenye noti zake.

Mama Kahawa, mwenye benchi, alikuwa akiwamiminia. Kisha akaliweka birika chini.

— Brashi, mdogo wangu, jina hilo ulilitoa wapi?

— Kwenye shina. Lilikuwa limeandikwa kwa chaki.

— Niliandika mimi.

— Kumbe unaujua mti.

— Siujui. Nilikuwa nawaambia wenye mapanga. Msikate.

Dereva akatema jani. Refa akasema yeye alishashuku tangu mwanzo.

— Mwembe, mpera, mkorosho, — alisema Brashi polepole. — Nafika pale nakuta msikate. Wewe ungedhani nini?

Mama Kahawa akaeleza kwamba mti ule aliupanda mama yake, aliyekuwa mfagizi wa bustani kabla haijawa kichaka, akafariki bila kusema ni mti gani. Brashi naye akaeleza la kwake. Mchana kamati ingepita kukagua vibao, na ikiridhika ingempa vibao vya upande wa pili. Kosa likijulikana, kazi ingekwenda kwa mwingine. Kibao kikitoka, mti ungebaki bila jina.

— Nitaking'oa, dada. Mtaa mzima utanicheka.

— Kazi ni yako. Siwezi kukushika mkono.

Brashi akatoa bisibisi mfukoni, akasimama. Mwanamke mmoja alikuwa anatoka langoni, viatu mkononi, matope hadi kwenye vifundo. Hakuna aliyemfahamu. Akasalimia, wakaitikia.

— Ndugu zangu, mnisaidie. Mwembe unatoa embe, mpera unatoa pera. Huu Msikate tunda lake linaitwaje?

Refa alikohoa. Dereva akachungulia ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Mama Kahawa alikuwa anafuta birika lililokwisha kufutwa.

Brashi akairudisha bisibisi mfukoni.

— Bado haujazaa, mama, — alisema. — Mwakani upite tena.