Barabara ya Kengele Haikuwa Tupu

Risala ya wenye vibanda wa Barabara ya Kengele, jiji kuu la Hanyang, kwa Mheshimiwa Bwana Pyo, Msimamizi wa Ramani Mpya ya Jiji. Mwezi wa tatu, mwaka wa Jogoo.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bwana Pyo. Wazee wetu mliovaa kofia mpya kwa ajili ya leo. Akina mama mlioacha vyungu motoni:

KARIBU

Tunainama mbele yako, na tunakukaribisha kwa moyo mweupe. Tunajua kiti chako cha kubebwa kimepita kwa taabu. Wabebaji wako wametembea kiupandeupande kama kaa, hasa pale konani kwa Mzee Gu, mshona kofia, paa lake lilipokukwaruza. Utuwie radhi, sababu tutaieleza. Kinywaji cha wali mtamu kilicho mbele yako kimepikwa na Mama Dolsoe, muuza viatu vya majani ya mpunga. Kila bakuli huwekewa mbegu tatu za msonobari. Ukikuta nne, jua umependwa.

TULIKOTOKA

Babu zetu walisimamisha vibanda vya kwanza mbele ya maduka makubwa yenye paa za vigae kwa ruhusa ya mdomo tu: kaeni, ila Mfalme akipita, njia iwe wazi. Fito nne, mikeka miwili, paa la majani. Humo tumeuza viatu, mishumaa, tumbaku, vitana, figili na supu ya mifupa, na humo tumelelea watoto.

Ramani nazo tumeziona. Enzi za mama mkwe wake Mama Dolsoe tuliahidiwa daraja la mawe juu ya mfereji. Halijajengwa, ila mpaka leo tunaambiana, "Tukutane darajani," na hajapotea mtu. Yakaja maduka ya matofali, kikaja kisima chenye paa. Vyote vimebaki kwenye karatasi, na karatasi zenyewe, tuseme kweli, zilikuwa nzuri.

TUNALOJIVUNIA

Siku Mfalme anapokwenda kuzuru makaburi ya wazazi wake, kengele kuu ikigongwa, vibanda arobaini na vitatu hushuka kabla chungu cha wali hakijaiva. Haivunjiki fito hata moja. Kila fito ina alama yake ya mkaa, na kibanda cha mjane ndicho cha kwanza kushushwa na cha kwanza kusimamishwa. Tunafagia, tunamwaga udongo wa njano, tunapiga magoti. Mfalme hajawahi kukanyaga jani letu njiani. Jua likianza kushuka, supu inauzwa palepale. Hakuna mtaa Hanyang unaotuweza kwa hilo, na wa Lango la Mashariki wakibisha, waje tushindane.

KILICHOTUPATA

Mheshimiwa, mwaka juzi mchoraji wako alikuja kupima barabara yetu. Alikuja siku ya msafara wa Mfalme. Alikuta njia imefagiliwa, akavuta kamba yake, akaandika: pana, tupu. Hakusema uongo.

Mwezi uliopita ramani ikabandikwa langoni mwa jiji. Mama Dolsoe akamkokota Deokbo, muuza tumbaku, anayejua kusoma.

"Soma, baba. Mimi niko wapi?"

"Hapa pako, Mama Dolsoe, pana mti."

"Mti gani?"

"Mti tu. Wa kivuli."

"Miaka ishirini na sita nakaa pale nauza viatu, leo nimekuwa mti! Haya, tafuta pako, wewe mwenye macho."

Deokbo akatafuta, akatafuta. Na yeye alikuwa mti.

Watu walicheka sana. Kicheko kikakauka Deokbo aliposoma mstari wa chini: kazi itaanza shayiri ikishavunwa, na kwa kuwa njia ni tupu, hakuna wa kutafutiwa mahali pengine. Muhuri wako, tuliambiwa, unagongwa leo.

Basi jana tulibishana namna ya kukupokea. Desturi yetu ni kushusha vibanda kwa kila mkubwa. Mzee Gu alifoka, "Mgeni anakuja nanyi mnataka kuacha matambara yenu yamesimama? Mmekula nini?"

"Mzee wangu," Mama Dolsoe akamjibu, "adabu yetu imezidi mpaka imetufuta. Safari hii mgeni atuone."

"Atatuona washenzi!"

"Na atuone washenzi, mradi atuone."

Mzee Gu akasonya, akakung'uta kiko chake. Mwishowe akasema, "Basi changu kisiguswe. Kiko konani, hawezi kukikosa." Na kweli, Mheshimiwa, hukukikosa.

OMBI LETU

Tuna ombi moja. Hatuikatai barabara, ipanuke, na miti tunaipenda. Kabla ya kugonga muhuri, mchoraji wako, tunayemwona nyuma yako na kalamu yake ya manyoya, atembee kwa miguu kutoka kwenye kengele mpaka kwenye mfereji, atuchore. Utusogeze nyuma ya mtaro wa kando ya barabara, kati ya mti na mti. Tumepima wenyewe kwa kamba: hatua nne kila kibanda, na zinatutosha. Hutahitaji kutuma kibarua hata mmoja. Utaje siku tu, na chungu cha wali kikiiva tutakuwa tumekwisha kuhama.

Wino Mama Dolsoe ameusaga tangu asubuhi, mweusi, mzito. Mchoraji akifika kwa kila mmoja, aulize jina, aliandike. Hana haja ya kubisha hodi. Kila mtu amesimama mlangoni pake.

Mbingu zikujalie meno imara uzeeni, wajukuu wa kukusumbua, na mkono usiotetemeka unaposhika muhuri.

Ni sisi wa Barabara ya Kengele, wenye vibanda arobaini na vitatu ambavyo leo havikushushwa.