Katibu Aliyeomba Neno Lirudiwe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu hamkupata kumsikia, ingawa huenda yeye aliwahi kuwasikia ninyi. Mkiwa kwenye foleni ya posta, au mkilaani barafu kwenye kioo cha gari, nyuma yenu alikuwepo mwanamke mfupi mwenye koti la kijani, ametega sikio. Huyo ndiye Orysia Hnatiuk.

Orysia Hnatiuk alifariki Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, hapa Saskatoon, kwenye nyanda zetu za Kanada. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa katibu wa Chama cha Wanaisimu wa Nyanda, yaani chama cha watu wanaochunguza jinsi wenzao wanavyosema na kwa nini wanasema hivyo. Miaka thelathini na mmoja, katibu yuleyule.

Kaka yake, Metro Hnatiuk, bado analima kule Wakaw walikozaliwa. Anasema dada yake alianza mapema.

"Krismasi sote tunakula pirohi za viazi, yeye ana kalamu. Mama anamwambia, 'Orysia, weka hiyo kalamu, ule.' Anajibu, 'Mama, hebu sema tena vile ulivyosema.' Mama anamrushia kitambaa cha vyombo. Kinamwangukia kichwani, na bado anaandika!"

Hakuolewa. Aliishi katika nyumba ya chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Metro alimpigia simu kila Jumapili. "Jumapili tu," anasema sasa. "Nilidhani siku nyingine ana watu wake."

Watu wake walikuwa chama. Na chama, wasikilizaji wapendwa, kilikuwa kimebaki na wanachama kumi na wawili wanaoweza kusafiri. Shikeni hesabu hiyo: kumi na wawili. Katiba yao ilisema mkutano mkuu hauwi mkutano mpaka wafike watu kumi na wawili. Akidi ikikosekana miaka miwili mfululizo, chama kinavunjwa. Mwaka juzi walifika kumi na mmoja. Kwa hiyo mwaka jana ndio uliokuwa wa kufa au kupona.

Mwezi Januari Orysia alituma jarida la chama, kurasa nne, stempu akibandika mwenyewe. Masika akaandikia kila mtu barua. Agosti akaanza kupiga simu. Alikuwa akiwakumbusha mkutano wa Oktoba, na alikuwa akiwakumbusha neno. Maana chama hiki kilikuwa na desturi yake. Kila mwanachama alikuja na neno moja alilolisikia mwaka ule kwa mara ya kwanza. Alisimama, akalitamka, akasema amelipata kwa nani na wapi. Katibu akaliandika kwenye kadi. Bila jina la msemaji, hakuna kadi. Ndiyo maana swali lililokuwa mdomoni mwa Orysia siku zote lilikuwa hilo: "Umelipata kwa nani?"

Kufikia Septemba watu kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwemo, walikuwa wameshaahidi. Alibaki mmoja, Einar Skoglund, mwanaisimu mstaafu aliyeishi na mkewe Solveig mjini Outlook, mwendo wa saa moja kwa gari. Walikuwa wamefahamiana miaka arobaini. Jumanne moja asubuhi Orysia akampigia.

"Einar, mwenzangu! Nimebakiwa na wewe tu. Usije ukaniambia una mafua."

Einar akasema, "Solveig amefunga lango, Orysia. Jana asubuhi."

Amefunga lango. Wakulima wa zamani wa upande ule walisema hivyo mtu akifa. Orysia aliwahi kulisikia mara moja, kwa babu yake, akiwa na miaka saba. Tangu hapo alikuwa akimtafuta mtu wa pili, na hakumpata.

"Hebu rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Umesema amefunga lango? Umelipata kwa nani? Kwa baba yako, au kwa majirani?"

Simu ikakatwa.

Siku hiyohiyo alimweleza mwenyekiti wa chama, Bernadette Okemow, mwalimu wa Kikri, lugha ya wenyeji wa asili wa nyanda hizi. Bernadette hajaisahau siku ile.

"Analia. Nikamuuliza, 'Lakini pole ulimpa?' Akasema, 'Sikumbuki.' Nikamwambia, 'Mama wee! Wewe ni mtu au kinasa sauti?' Nilikuwa namtania, jamani. Hakucheka."

Orysia alikwenda kanisani kwenye mazishi ya Solveig, akasimama nyuma. Einar alipita karibu naye, hakumtazama. Akamwandikia barua ya kurasa tatu, kisha akaichana. Akaandika nyingine ya mistari miwili: *Pole kwa Solveig. Nisamehe.* Haikujibiwa. Akaandika tena. Kimya.

Oktoba ilipokaribia, Bernadette akamwambia, "Mpigie basi, umuulize kama anakuja."

"Siwezi kumwomba akidi mtu niliyemnyima pole."

"Basi tumwandike tu kwenye daftari. Nani atahesabu?"

"Mimi."

Mkutano uliitishwa Jumamosi, kwenye chumba cha chini cha maktaba. Orysia alifika mapema, akapanga viti kumi na viwili. Ilipofika saa nne walikuwa wameketi kumi na mmoja. Kahawa ikanywewa, ikachemshwa nyingine. Mzee mmoja alisema labda barabara ina theluji. Bernadette akamjibu, "Theluji gani, mzee? Jua hilo linawaka!" Kisha akajuta kusema. Kila mlango ulipolia juu ya ngazi, shingo zote ziligeuka.

Saa sita Orysia akasimama. "Tuko kumi na mmoja," akasema.

Hivyo ndivyo Chama cha Wanaisimu wa Nyanda kilivyokwisha. Kila mmoja alikuwa amekuja na neno lake. Kwa kuwa hapakuwa na mkutano, kila mmoja akarudi nalo nyumbani. Bernadette alitaka kumsaidia kukusanya viti. Orysia akamwambia, "Nenda tu, dada. Wewe una wanaokungoja."

Baada ya hapo simu yake haikulia tena ila Jumapili. Fikirini, wasikilizaji wapendwa. Miaka thelathini na mmoja umezoea kuulizwa jarida litatoka lini, ada inalipwa wapi, mkutano ni tarehe ngapi. Halafu Novemba inaingia, theluji inaanguka, na hakuna mtu anayekuuliza lolote.

Alhamisi moja, mwishoni mwa Novemba, akawasha gari akaenda Outlook. Yaliyotokea huko tumeyapata kwa Einar mwenyewe.

"Nilifungua mlango nikamwona. Nikamuuliza, 'Umekuja kuchukua lingine?' Akasema, 'Nimekuja kutoa pole. Nimechelewa wiki kumi.' Nikamwacha amesimama pale nje. Baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Hakuondoka. Mwishowe nikamwambia, 'Haya, ingia, vua viatu.'"

Akaingia. Wakanywa kahawa. Einar akazungumza habari za mkewe, jinsi alivyoiba kwenye karata bila aibu, jinsi alivyowasema vibaya kuku wake kama watu. Alhamisi iliyofuata Orysia akarudi. Na iliyofuata. Majira yote ya baridi, kila Alhamisi, saa moja kwenda, saa moja kurudi.

"Hakuja na kalamu," anasema Einar. "Mimi nami nina ubaya wangu. Siku moja nilisema neno la mama yangu makusudi, neno ambalo halimo kwenye kitabu chochote, nimjaribu tu. Nikaona vidole vyake vinajikunja kwenye kikombe. Kisha akauliza, 'Halafu Solveig akasemaje?'"

Je, alimwambia kwamba amemsamehe? Tulimuuliza.

"Hapana. Kahawa nilimpa. Keki nilimpa. Hilo sikumpa. Nilijiambia, nitamwambia theluji ikiyeyuka."

Alhamisi ya tarehe kumi na tatu Machi, Orysia hakutokea. Einar alidhani ni barabara. Jioni ilipoingia akapiga simu, na iliyoitika ilikuwa sauti ya mwanamume. Alikuwa Metro, amekaa katika nyumba ya dada yake, anakunja nguo zake. Jirani ndiye aliyemkuta asubuhi. Moyo ulikuwa umesimama tangu jana yake.

Tunamwachia Einar amalizie.

"Akaniambia, 'Orysia hayupo tena, bwana.' Alilitaja jina la dada yake kwa ile *r* ya wazee wa mashambani. Sijaisikia tangu nikiwa mtoto. Na mkono wangu, nakuambia kweli, ulikuwa umeshaokota kalamu. Mtu kafiwa, analia sikioni mwangu, na mimi nasikiliza *r*! Nilibakiza kidogo tu nimwambie, 'Hebu litaje tena.' Nikaiweka kalamu chini, nikampa pole. Kisha nikakaa pale jikoni. Miezi sita nilimwekea yule mama kosa moyoni, kumbe na mimi ninalo. Na tulikuwa na Alhamisi zote zile."

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu zikufikie, Metro Hnatiuk, na nyumba yako yote ya Wakaw. Pole kwako, Bernadette, na kwa wote waliokuwa kumi na mmoja siku ile. Pole kwako, mzee Skoglund. Wewe umefiwa mara mbili ndani ya miezi sita.

Nanyi mnaotusikiliza, tazameni mezani kwenu. Huenda yupo mtu anayekuja kwako, anakunywa kahawa yako, anasikiliza habari zako, na mnajua nyote wawili anangoja nini. Hatakuomba tena. Aliomba mara moja, na mara moja inatosha. Kabla hajavaa viatu vyake kwenda zake, mwambie.