Barnaba Chilumba na Kitabu cha Macho

Sogeeni karibu, ndugu zangu, mliosimama kule kwenye baiskeli njooni, akina mama wa jikoni acheni vyungu kidogo, watoto wanyamazishwe, anayesoma hapa ni Christopher, mwana mkubwa wa marehemu, lakini maneno ni yangu mimi Pili, dada wa marehemu, nimemwambia aandike kama ninavyosema, maana mimi shule sikwenda.

Marehemu Barnaba Cecil Chilumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 kijijini Chilangala, Wilaya ya Newala, mtoto wa tatu wa mzee Cecil Chilumba na mama yetu Yuliana, na mama alikuwa akisema, "Huyu ukimkalisha hapa, ukigeuka yuko kwa jirani." Alisoma shule ya misheni kuanzia 1950 hadi 1957, akahitimu ualimu Desemba 1961, akaanza kufundisha Chiungutwa Januari 1962, na mwaka 1974 akahamishiwa Makote, alikofundisha hadi tarehe 30 Juni 1993, alipopunguzwa kazini yeye na wenzake wengi. Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na Theodora, huyu hapa mkekani, wakajaliwa watoto wawili, Christopher, aliyezaliwa 1968, na Dominika, aliyezaliwa 1981.

Hapa niacheni niseme, kwa sababu tangu juzi sikai wala silali. Tarehe 9 Agosti 1990, mikorosho ikiwa na maua, Dominika alikuja shambani kwangu kunisaidia, tukawa tunapuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, upepo ukageuka, unga ukamwingia machoni, na mtungi ulikuwa na maji ya kunywa tu, nikaona uchungu kuyamwaga, nikachuma majani nikamkamulia kama mama alivyotukamulia sisi. Mtoto akalia, "Shangazi, inachoma!" nami nikamwambia, "Tulia, ikichoma ndiyo inafanya kazi." Jicho la kulia likapona, la kushoto siku ya tatu likawa jeupe, tukampeleka hospitali Masasi, daktari akauliza, "Mlitia nini?" nikamweleza, akasema, "Bibi, maji yangetosha." Jicho lile halikuona tena.

Marehemu hakunitukana, hata siku moja, lakini hakutulia tena. Alitaka kiwepo kitabu cha macho ambacho mtoto akikisoma nyumbani, bibi yake atasikia, akazunguka kwenye ofisi kuomba karatasi, akajibiwa, "Mwalimu, siku hizi kila mtu anajitegemea," basi alipopunguzwa kazi akaandika mwenyewe, akachora mwenyewe, akanunua stensili za kurudufia Masasi kwa wafanyabiashara wapya, na Januari 1994 akakusanya watu Makote awasomee.

Siku ile nilikuwepo. Kitabu kilisema watoto wanawe uso kwa maji mengi asubuhi na jioni, Mama Sultani, jirani wa hapo Makote, akasimama na ndoo yake kichwani, akasema, "Shikamoo Mwalimu, kitabu kizuri, ila ni cha watu wa mtoni, sisi tunashuka bondeni jogoo la kwanza kwa ndoo hii moja, sasa tule tusile, tunawe uso?" watu wakacheka mpaka marehemu akavua miwani akaifuta. Akaendelea, ukurasa uliofuata ukasema kwamba bibi anayetia majani jichoni ni mjinga, wazee wa kike wakainuka mmoja mmoja, wakafunga kanga zao, wakaondoka, na mimi nikaondoka nao.

Jioni akaja kwangu na baiskeli, hakuingia, akawa anakwenda na kurudi uani kama kuku anayetaka kutaga, nikamwambia, "Barnaba, huyo mjinga wa kitabuni ni mimi?" Akasema, "Dada, nilikuwa na hasira miaka minne, nikaiandika." Akachana ule ukurasa mbele yangu. Kisha akaniuliza, "Wewe ungemfanyaje huyo bibi aache majani bila kuona aibu?" nikamjibu, "Mpe kazi, mkono wake usibaki mtupu."

Akaanza upya. Alitoboa kibuyu chini, akaziba kwa kijiti, akatia kikombe kimoja cha maji, akaita watoto wa jirani, akahesabu nyuso, kumi na mbili zikanawika, akapiga kelele kama amefunga bao. Mara saba alikuja kunisomea, nikinuna anafuta, nikicheka anaacha, akasema kama mimi sikielewi hakitoki. Katika kitabu cha pili bibi ndiye anayeshika kibuyu, mtoto anainamisha kichwa, bibi anamimina taratibu jichoni mpaka unga utoke, kisha anamshika mkono wanakwenda zahanati, na hakuna mjinga humo. Theodora alishona nakala mia mbili kwa uzi na sindano, marehemu akazigawa Makote, Chilangala na Chiungutwa, na Agosti 1995 Mama Sultani alimmiminia maji mjukuu wake aliyeingiwa na salfa, akamleta mtoto mpaka mlangoni kwa marehemu, akasema, "Mwalimu, mtazame, anakuona kwa yote mawili." Marehemu alilia, nami nikalia zaidi yake.

Februari 1996 alianza kusumbuliwa na moyo, daktari akamwambia apumzike, akaitikia, kesho yake akaonekana juu ya baiskeli na mfuko wa vitabu. Tarehe 19 Mei alianguka nyumbani, akafikishwa hospitali, na tarehe 21 Mei 1996, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliombeba na kutuchotea maji ya msiba huu, walimu wenzake wa Makote na Chiungutwa, Mungu awalipe.

Wazee wanasema ya mirathi yangoje matanga yaishe, mimi siwezi kungoja. Baiskeli ni ya Christopher, stensili na vitabu vilivyobaki ni vya Theodora. Mikorosho ishirini na minane ya Chilangala, kwa mila yetu mali ya mjomba ni ya watoto wa dada, kwa hiyo ilikuwa iende kwa mwanangu Petro, na asubuhi hii nimemwita Petro mbele ya ukoo, nimemweleza jicho la Dominika lilipoteaje na kwa mkono wa nani, maana hakujua, naye amesema, "Mama, mpe Dominika." Mikorosho ni ya Dominika, mmesikia wote, asije mtu kuisemea kesho. Kwaheri, mdogo wangu, pumzika, safari hii tutakwenda sisi na mfuko wa vitabu.