Kinu cha Marehemu Nyanjige

Kijiwe chetu hapa Nkololo ni benchi moja nje ya duka la Specioza, anayeuza kahawa na spea za baiskeli. Asubuhi ile hakuna aliyetaja bei ya pamba. Makumbusho ya kijiji yalifunguliwa jana yake, na humo ndani, juu ya kinu cha kutwangia, palikuwa na kibao: KINU CHA MAREHEMU NYANJIGE. Nyanjige yuko hai. Alikuwa Bariadi mwezi mzima, kwa binti yake aliyejifungua. Mumewe, Ndalahwa, tulikuwa naye benchini, kakikodolea kikombe macho.

— Walikataa kinu cha mtu aliye hai, alijitetea. Walitaka vitu vya wazee waliotangulia. Nami nilitaka jina letu liwemo.

— Ndiyo ukamuua? aliuliza Mwandu, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kubeba kokoto za barabara.

— Kwa maandishi tu.

Novatus alitikisa kichwa. Huyu kwetu ni Wakili. Aliwahi kuitwa shahidi mahakamani.

— Maandishi ndiyo mabaya. Ndoa imekufa. Akirudi, unapeleka ng'ombe kwao upya.

— Wote?

— Na dume la matanga, maana hukufanya.

— Hilo dogo, Injinia akadakia. Kibao hakina tarehe. Je, kama alikufa zamani? Nani alipika wali wa harusi ya Specioza?

Specioza akasimamisha birika hewani.

— Nilijua ule wali una kitu!

— Dawa ni moja, akasema Wakili. Akae makumbusho, kando ya kinu, wageni wamtazame. Jioni Ndalahwa anamwazima.

— Kwa barua, akaongeza Injinia.

— Yenye muhuri.

Bodaboda ikasimama. Akashuka Nyanjige na furushi lake.

— Mwangaluka, akatuamkia Kisukuma.

— Mwangaluka, mayu, tukaitikia, Injinia akijivuta pembeni asimguse.

Alisema amepitia makumbusho. Akafungua furushi, akatoa kibao chenyewe, akasoma polepole yale maandishi madogo ya chini:

— "Hakuna mwanamke Nkololo aliyetwanga kama yeye. Mumewe hajapata faraja hadi leo."

Akamtazama Ndalahwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililotutisha.

— Baba Justina, miaka yote hii, maneno haya kwa nini uliwaambia watu wa makumbusho kabla hujaniambia mimi?

Ndalahwa akarudi kukikodolea kikombe chake. Tukamgeukia Wakili, asiyekosa jibu. Alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa kandambili.