Asumini Hazijapata Kupanda Ndege

MARDHIYA: Haloo? Nani huyo anayekohoa badala ya kusema?

SHAAME: Mie, dada. Shaame. Nipo posta, Unguja. Assalamu alaykum.

MARDHIYA: Waalaykumu ssalamu, mdogo wangu! Jokha, mjomba wako huyu! (anasikiliza) Anakusalimia. Kwa Kizungu.

SHAAME: Mwambie biharusi haloo na yeye. Sikiliza, nina dakika tatu tu. Nna suali la asumini.

MARDHIYA: Za mti wa mama?

SHAAME: Hizo hizo. Si umezitaka za kikuba cha Jokha cha kutia kifuani, harusi Jumamosi? Sasa, kutoka hapa mpaka Landani, ndege hukaa angani saa ngapi?

MARDHIYA: Moja na nusu mpaka Nairobi, nane na nusu mpaka huku. Kumi.

SHAAME: Kumi! Nikizichuma alasiri, zitachanua –

MARDHIYA: – juu ya Sudani, ziwanukie abiria wote. Zitie kwenye chupa ya chai yenye barafu, zitalala mpaka hapa kwangu Kingsbury. Nani atazileta?

SHAAME: Jirani yetu Abdulwakil. Anasafiri Ijumaa.

MARDHIYA: Abdulwakil! Na viza yako iliyolala kabatini?

SHAAME: Dada, nshakwambia. Mimi na ndege mbalimbali. Maili elfu nne na mia sita bila ya kukanyaga chini!

MARDHIYA: Haya. Sikulazimishi.

(Laini inakwaruza.)

SHAAME: Lakini... hiyo ndege, hutikisika?

MARDHIYA: Waogopa nini, na wewe huji?

SHAAME: Nauliza kwa ajili ya asumini. Hazijapata kupanda ndege.

MARDHIYA: Aaa. Asumini. Hutikisika kidogo, kama gari la ng'ombe. Kisha hutulia.

SHAAME: Na zikikaa dirishani?

MARDHIYA: Zisikae dirishani! Zikae upande wa njia, zifumbe macho, zisome Ayatul Kursi.

SHAAME: Na... choo kipo?

MARDHIYA: Shaame! Asumini zinakwenda choo?

SHAAME: Saa kumi ni nyingi, dada.

MARDHIYA: (anacheka) Kipo. Na chakula kipo, na blanketi, na kengele ya kumwita mhudumu zikiingiwa na hofu.

SHAAME: Hofu hazina. Zinauliza tu.

MARDHIYA: Basi ziambie, mie mwaka sitini na nne nililia njia nzima. Na si kwa kuogopa ndege.

(Laini inakwaruza.)

SHAAME: Karani ananionesha kidole kimoja. Dakika moja.

MARDHIYA: Haraka basi! Huku baridi, nizitafutie koti. Zinavaa saizi gani?

SHAAME: Kubwa. Zimenenepa, dada. Na zina mvi.

MARDHIYA: Hata huku mvi zipo. Na Abdulwakil?

SHAAME: Nitamwambia asihangaike. Ila tutakaa naye bega kwa bega – yaani, asumini –

MARDHIYA: Nimefahamu! Nitakuja uwanjani Hithro mwenyewe.

SHAAME: Miaka ishirini na sita, dada. Umati wote ule, utazijuaje? Haloo? Karani anasimama –

MARDHIYA: Shaame, nisikilize. Ukishatoka mlangoni, fungua chupa. Ifungue tu, usimame hapo hapo. Mie nitaifuata har–

(Tuuu. Tuuu. Tuuu.)