Bi Kabibi Nyale, Brashi Yake na Leso ya Mwalimu Abubakr

Tarehe 30 Aprili 2026, Bi Kabibi Nyale anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kutoka Marafa akiwa mpiga chapa, akapanda hadi karani mkuu, kisha, bila kupewa cheo, akawa mtunzaji wa kompyuta zetu zote.

Mwaka jana, mfumo endeshi wa zamani ulipoacha kupata masasisho, ni yeye aliyetuhamishia Linux, mfumo usiolipiwa, kwanza ofisini, kisha majumbani. Wengi tulidhani kazi imekwisha. Yeye alisema kuhama nyumba si kuacha kufagia. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipita kwetu, kutoka Kisumu Ndogo hadi Ngomeni, na brashi ya rangi ya kuondolea vumbi na chumvi. Alisasisha programu, akafuta mafaili yasiyo na kazi, akatuhimiza kuweka nakala kwenye diski ya nje.

Mwalimu Odera alizoea kumwamkia, "Shikamoo, daktari wa ng'ombe wasiokamwa!" Aliitikia marahaba, akaongeza kwamba ng'ombe wake wote hawali mahamri, isipokuwa kibodi ya Odera.

Mwandishi wa wasifu huu, Mwalimu Abubakr, hakuwa msikivu. Kama wengi wakaao karibu na bahari, aliifunika kompyuta yake kwa leso, yaani khanga, ili isiliwe na chumvi. Bi Kabibi alimwonya kwamba sasa inajisasisha yenyewe inapoachwa ikiwaka, hivyo ifunikwe ikiwa imezimwa tu. Akambandikia kikaratasi ukutani. Mwandishi alikisoma, akakisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaendelea kufunika.

Mwezi Desemba kompyuta iliungua chini ya leso. Ilipotea historia ya shule, kurasa mia mbili na kumi na mbili, ambazo Bi Kabibi alizipiga chapa kwa miaka miwili, mwandishi akimsomea kwa imla. Nakala haikuwekwa. Mwandishi alisimama katika chumba cha walimu, akatamka mbele ya wote kwamba Bi Kabibi ameiharibu kompyuta kwa mfumo wake wa bure. Walimu wanne wakamwambia asifike tena kwao. 

Fundi alipoifungua kompyuta, alikuta feni imenasa nyuzi za leso. Mwandishi amelijua hilo tangu Januari, na analisema leo. Kosa lilikuwa lake.

Jumamosi ya kwanza ya Februari, Bi Kabibi alibisha hodi kama kawaida. Alileta kurasa sitini na nne za historia ile, alizokuwa amezinakili mapema ili azihakiki. Mwandishi alizisoma zote. Walimu wakuu wamo, kengele imo, hata tangi la maji limo. Aliyezipiga chapa hatajwi popote.

Historia hiyo sasa inaandikwa upya kwa mkono, na ukurasa wa kwanza unaanza na jina lake. Inasikitisha kwamba hatakuwapo wa kuupiga chapa.

Bi Kabibi, ahsante kwa kazi na kwa subira ambayo hatukuistahili. Mola akujaalie afya na utulivu huko Marafa. Wale walimu wanne wanakuomba upite Jumamosi, ukipenda, kama mgeni. Leso imekunjwa, iko kabatini.