Orodha ya Watu Arobaini na Mmoja

Sogezeni viti, wanangu, na mmoja wenu azime hiyo redio, maana sauti iliyobaki ni ndogo na sitarudia. Mama yenu angekuwepo angeniambia nipumzike. Nitapumzika sana, msijali.

Tuanze na mali, iwatoke kichwani mpate kunisikiliza. Nyumba hii ni yenu wote watatu, lakini isiuzwe maadamu dada yenu muuguzi anaishi humu, kwani yeye ndiye aliyeniosha na kunigeuza miezi yote hii, nyinyi wengine mkinijulia hali kwa simu. Shamba ligawanywe sawasawa, na mkija kugombania hatua mbili za ardhi mjue mmenitia aibu nikiwa sina hata mdomo wa kuwagombeza. Vitabu vipelekwe shuleni. Basi, mali imekwisha. Tajiri sikuwahi kuwa.

Sasa wewe, mwanangu mkubwa. Jana uliingia na suti yako mpya, ukaniambia kuwa sasa mapigano yamekwisha, serikali mpya imekupa kiti changu cha zamani, ukuu wa wilaya, nikafurahi mpaka machozi yakanitoka. Kisha ukanionyesha orodha uliyoletewa uitie sahihi, ya watumishi wote waliofanya kazi chini ya wale waliong'olewa, wafukuzwe kabla ya mwisho wa juma. Ukasema lazima muanze na mikono safi. Nikageukia ukutani, ukadhani nimepitiwa na usingizi. Sikulala. Maneno hayo hayo niliyasema mimi, katika ofisi hiyo hiyo, miaka thelathini na moja iliyopita.

Nisikilizeni vizuri, maana hili sijawahi kulisema. Vita vya wakati ule vilipokwisha niliikuta ofisi haina mlango, faili zimetumika kuwashia moto wa kupikia, na kuku anatagia kwenye droo ya masijala. Nilikuwa nimetoka msituni na bunduki, sijui hata barua ya serikali inaanzaje, ila hasira nilikuwa nayo ya kutosha wilaya nzima. Nikaandika orodha ya watu arobaini na mmoja waliobaki kazini wakati wa utawala uliopita, makarani, wapima ardhi, waganga, nikaigonga mhuri na kuibandika getini. Wa kumi na saba alikuwa Fundi Koki, yule wa mtambo wa maji.

Mahali pao nikaweka wapiganaji wangu. Walikuwa vijana watiifu, ukisema simama wanasimama. Nikawaamuru waufungulie mji maji, nao wakaenda wakafungua koki zote kumi na mbili kwa mpigo, kwa nguvu zao zote, wakarudi kunipigia saluti. Bomba kubwa likapasuka karibu na machinjio, uchafu wa mtaro ukaingia ndani, na hakuna aliyejua pa kufungia wala dawa inatiwa kiasi gani. Fundi Koki alijua. Alikuwa sokoni anauza mkaa, hatua mia tatu kutoka mtamboni.

Siku ya tisa watu wakaanza kuhara. Siku ya kumi na nne akafa mdogo wenu, kitinda mimba wetu, mikononi mwa mama yenu. Mji mzima ukasema Fundi Koki katia sumu kulipiza kisasi. Mama yenu aliamini hadi anaingia kaburini. Nyinyi mmekua mkimpita njiani bila salamu, na wewe, mkubwa, ulimtupia jiwe ukiwa na miaka tisa. Nilikuona dirishani nikanyamaza. Wanangu, hakuna aliyetia sumu. Mdogo wenu aliuawa na sahihi yangu, na kuisema niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi.

Nilimfuata sokoni mwenyewe. Radhi sikuomba, sikuwa na ubavu huo. Nilimwambia tu kwamba mji unakufa. Akafuta mkaa mikononi, tukaenda. Pale getini orodha bado ilikuwa imebandikwa. Akasimama, akaisoma yote, mpaka chini kwenye jina langu, nami nikangoja anitemee mate. Akasema, "Nipe watu wawili nianze kuwafundisha."

Nikampa wapiganaji wangu, wale wale. Mwaka mzima aliwafundisha koki moja baada ya nyingine, wakiandika daftarini kila walichofungua na kila walichofunga, mpaka wakawa watumishi kweli. Mimi nami ndipo nikaanza kuelewa kazi ya mkuu wa wilaya, kwamba ni kumtafuta anayejua, kumlinda, na kuhakikisha haondoki na ujuzi wake peke yake. Na miaka yote hiyo ameitwa muuaji wa watoto, wala hakuwahi kunitaja.

Kwa hiyo, mwanangu, usiitie sahihi orodha ile. Aliyeua au kuiba mfungulie kesi, mmoja mmoja, kwa ushahidi, mbele ya hakimu. Lakini usimfukuze mtu kwa kuwa alibaki kazini raia wakapata maji. Wakitishia kukunyang'anya kiti, waachie kiti chao. Jina la kwanza kwenye orodha yako nililiona, macho hayajafa kabisa: ni binti wa Fundi Koki, anayeuendesha mtambo leo.

Na siku ya kunizika, haya yote uyasome mbele ya watu, wewe mwenyewe, kwa sauti. Dada yako anayaandika. Usipunguze hata neno.

Nipeni maji kidogo. Hayo hayo ya bomba.

Mungu awape subira... awape nyumba zenye amani, na watoto watakaowazika nyinyi, si nyinyi kuwazika wao. Mpendane. Mkikosea, ombeni radhi mngali na sauti.

Yuko nje, Fundi Koki. Amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi, nasikia mmemzuia mlangoni. Mkubwa, nenda wewe. Mshike mkono, magoti yake mabovu. Mpe kiti chako.

Njoo, ndugu yangu. Karibu zaidi... sikuoni vizuri. Hawa nimeshawaambia. Wewe ndiye sijakuambia bado.